Kazini wanatupeleka Kilwa kupima mikoko na shirika la mazingira, hii inasaidia utafiti kweli au ni kiki tu?

MamaJunior_Tegeta

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu maana ofisini kwetu tumegawanyika na mimi sijui nisimame upande gani.

Niko kampuni moja ya mambo ya fedha hapa Dar, jina naliacha maana kazi bado naitaka. Mwezi uliopita tukaitwa ukumbini, wakaja watu wa shirika moja la uhifadhi wakatuonyesha slaidi zao, pomboo, kasa, mikoko iliyokatwa, halafu bosi akasimama akasema kuanzia leo sisi na hawa ni washirika kwa miaka mitatu. Nikajua ni yale yale, inaletwa hundi kubwa ya kadibodi, tunapiga makofi, tunakula sambusa, tunarudi mezani. Kumbe safari hii hawataki hela peke yake, wanataka na watu. Wafanyakazi wanaenda kwa awamu, kila awamu watu kumi na wawili, tunapelekwa Kilwa siku nne, Jumatatu mpaka Alhamisi, tunaingia mikokoni kupima miti na kuhesabu miche na kujaza fomu, eti data inaenda kwa watafiti wanaotaka kujua msitu ule umebeba kaboni kiasi gani. Ukirudi unaitwa balozi wa mazingira, unatakiwa uwafundishe wenzako idarani na ulete wazo la kupunguza matumizi ya umeme au karatasi pale ofisini.

Jina langu limo awamu ya kwanza.

Sasa mimi ni mtu wa madai, nashinda na eksel, mti sijawahi kuupima hata wa mwembe wa nyumbani. Kweli kuna msomi atachukua namba zangu akaandikia ripoti yake? Halafu nikipiga hesabu ya basi, hoteli, chakula, boti, tisheti zenye nembo mbele na nyuma, naona hela hiyo wangepewa vijana wa hukohuko Kilwa wenye kuujua msitu wao wangepima mara kumi ya tutakachopima sisi. Na HR wako kimya kuhusu likizo, hatujui siku hizo ni za kazi au zinakatwa kwenye zetu.

Mume wangu amecheka, anasema mnaenda kupigwa picha. Kuna mtu aliwahi kwenda kitu kama hiki, au aliwahi kuwa upande wa kupokea wageni wa namna hii? Na matope yake yakoje, maana mimi naogopa matope kuliko nyoka.

Kijana_wa_Buguruni

Shemeji yetu yuko sahihi, mpe soda.

Dada hii ni kiki na haijaanza leo. Makampuni makubwa ya Ulaya wameshafanya sana, HSBC ile benki ya Uingereza walianza 2002 na mpango wa dola milioni 50 na mashirika ya uhifadhi, 2007 wakaongeza wakatangaza dola milioni 100, 2012 wakatangaza nyingine milioni 100 ya mambo ya maji, wafanyakazi wakapelekwa porini kupima miti, picha nzuri kweli kweli. Haya, fika 2022 mamlaka ya matangazo kulekule kwao ikawapiga stop matangazo yao mawili, yale mabango ya vituo vya basi London na Bristol, walikuwa wanajisifu kupanda miti na kufadhili mambo ya kijani bila kusema kuwa benki hiyohiyo inakopesha makampuni yanayotoa moshi mwingi. Yaani mkono mmoja unapima mti mkono mwingine unasaini mkopo wa makaa ya mawe.

Na nyie waulizeni mabosi zenu hela za kampuni zimewekezwa wapi kabla hamjavaa gambuti. Hutaona jibu.

Mpwani_wa_Kwale

Dadangu salaam. Mimi ni wa upande wa pili uliouliza, wa kupokea wageni. Natoka Kwale huku Kenya, na nimefanya kazi ya usaidizi wa utafiti mikokoni Gazi, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kwa hivyo nitakwambia nililoliona, bwana wa Buguruni naye atanisamehe.

Gazi miaka ya sabini mikoko ilikatwa vibaya, kuni za viwandani, za kuchomea chokaa na matofali, mpaka kukawa na uwanja mtupu mahali palipokuwa msitu. Kuanzia miaka ya tisini Dkt James Kairo wa KMFRI, ile taasisi yetu ya utafiti wa bahari, akaanza kupandisha tena pamoja na wanakijiji. Baadaye akaungana na Mark Huxham wa chuo cha Napier kule Edinburgh, na wageni wa kujitolea wakawa wanakuja kupitia Earthwatch. Hao Earthwatch walianza Boston 1971 na mtindo wao ndio huohuo mnaoletewa nyinyi: mtu wa kawaida, awe mwalimu awe karani wa benki, anawekwa chini ya mtafiti ambaye tayari ana swali lake na anahitaji mikono, na mchango anaoutoa yule mgeni au mfadhili wake ndio unaoendesha utafiti wenyewe. Hapo ndipo wengi hawaelewi. Unauliza kwa nini wasipewe vijana hela wapime wao. Vijana walipimaaa, mimi mmoja wao! Lakini pesa ya boti, ya posho yangu, ya akina mama waliokuwa wakipika, sehemu yake ilitoka kwa kuwa kuna mgeni amekuja. Mfadhili hatoi pesa nono kwa mtu anayeitwa Juma aingie matopeni kila mwezi miaka kumi mfululizo, nasikitika kusema lakini ndivyo ilivyo. Atatoa akiwa na watu wake ndani.

Sasa kazi yenyewe. Mnakwenda kwenye kitalu, yaani kipande cha msitu kilichopimwa na kuwekwa alama, kila mti una kibati chake cha namba. Mmoja anashika futi, mmoja anaita, mmoja anaandika, na anayeandika lazima arudie namba kwa sauti kabla hajaiandika, kwa sababu upepo ukivuma "kumi na tatu" na "kumi na tano" zinafanana. Mchu na mkandaa unapima kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, huwezi kupima hapo, utakuwa unapima mizizi, kwa hivyo unatafuta mzizi wa juu kabisa unaotoka shinani, unapanda sentimita 30 juu yake ndipo unazungusha futi. Mzizi mwengine uko juu ya kichwa chako. Nimemwona mzee mmoja wa makamo, mtu mkubwa kwao bila shaka, amepanda juu ya mizizi amekumbatia mti, miwani imejaa jasho, anauliza "ni huu au ule?" na kijana wetu wa darasa la nane aliyeacha shule anamwambia "sio huo, shuka kidogo." Siku mbili za mwanzo wanakuchelewesha, hilo ni kweli, ya tatu wanakwenda wenyewe.

Na matokeo yapo. Kulikuwa na vitalu ambapo mikoko iliuliwa makusudi kwa majaribio, mingine ikakatwa mingine ikachunwa gome, wakapima udongo kila mara, ukaonekana unashuka upesi kuliko pale palipoachwa. Maana yake ukikata mikoko hupotezi mti tu, unapoteza na ardhi iliyoko chini yake, na kaboni nyingi ya mikoko iko hukohuko chini. Vipimo kama hivyo vya miaka mingi ndivyo vilivyowezesha Mikoko Pamoja kuanza 2013, hekta 117, vijiji vya Gazi na Makongeni, mradi wa kwanza duniani wa kijamii kuuza kaboni ya mikoko, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu umeihifadhi. Si pesa za kununulia Range Rover, ni kama tani 3,000 kwa mwaka, lakini maji yamevutwa, vitabu vya shule vimenunuliwa, na 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Huwezi kumuuzia mtu kaboni ukamwambia "msitu wetu mnene wallahi". Anataka namba, na namba mtu aliingia matopeni akaitafuta.

Haya, na ubaya pia niseme. Kuna mradi mwengine mahali pengine, sitautaja, wageni walikuja kundi moja tu, wakapima, wakapanda miche wakapigwa picha, mwaka uliofuata hakuna aliyerudi. Vibati vimeota kutu, miche imefagiliwa na maji kwa sababu ilipandwa mahali pa mchanga ambapo mkoko hauoti hata ukiusomea dua, na mzee wa kijiji mpaka leo akimwona mtu na futi anauliza yale ya kwanza yalikwendaje. Kwa hivyo usiulize kama mnaenda kupigwa picha, picha mtapigwa. Uliza nani anarudi kwenye kitalu hichohicho mwakani.

Matope ni ya magotini, pengine mapajani. Hayaumi.

Dokta_Matope

Mpwani kamaliza, mimi naongezea ya kitaalamu kidogo maana ndiyo shughuli yangu, niko chuo kimoja hapa Bongo upande wa misitu.

Suala la watu wasio wataalamu kupima limejadiliwa mno na jibu fupi ni kuwa inategemea unawapa kazi gani. Kuzungusha futi kwenye mti wenye namba, mtu wa madai anaweza tena pengine kuliko mwanafunzi wangu anayewahi kurudi hosteli, kwa sababu nyie mmezoea kuandika namba kwa uangalifu. Kutambua aina ya mche mdogo wa muia na kuutofautisha na wa mkoko, hapo hapana, lazima mwenyeji awepo. Mradi ulio makini una kawaida ya kuchukua sehemu ya miti iliyopimwa na wageni na kuipima upya kwa mtu mwingine asiyeziona namba za kwanza, kisha wanalinganisha. Ukifika Kilwa uliza hilo tu, "mnapima upya?" Wakikodoa macho ujue.

Kijana wa Buguruni ametaja HSBC na yale matangazo ni kweli yalifungiwa, sibishi. Ila amesimulia nusu. Ule mpango wa 2007 wa miaka mitano, walishirikiana na Earthwatch, WWF, The Climate Group na taasisi ya Smithsonian ya utafiti wa misitu ya tropiki, wakaweka vituo vitano, Uingereza, Marekani, Brazili, India na China, wafanyakazi wa kila ukanda wanaenda kituo cha karibu. Cha Uingereza kilikuwa Wytham Woods, msitu wa chuo kikuu cha Oxford. Pale kikapimwa kitalu cha hekta 18 na kila mti wenye unene kuanzia sentimita moja ukahesabiwa na kupewa namba, unaelewa maana yake, hata kijiti cha unene wa kidole chako cha mwisho kina namba. Kazi ya namna hiyo hakuna profesa mwenye wanafunzi wa kuitosha. Na kile kitalu hakikufa na mpango, kimeingia kwenye mtandao wa vitalu vya kudumu duniani kote ambavyo vinapimwa kwa njia moja, mtafiti anaweza kulinganisha Oxford na Panama. Matangazo ya benki yakafungiwa, kitalu kikabaki. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja na sioni sababu ya kuchagua kimoja.

Jambo linalonikera mimi katika mipango hii ni hapo kwenye "balozi". Upimaji unaeleweka, lakini ubalozi mara nyingi unaishia kwenye kubandika karatasi ya "zima taa" chooni. Hapo HSBC kwenye awamu ya maji, 2012, walifanya kitu cha akili zaidi kwa maoni yangu, badala ya kumsafirisha mtu mbali walimfundisha kupima bwawa au mto ulioko karibu na kazini kwake. Unachota maji kwenye kijichupa chenye dawa ndani, yanabadilika rangi, unalinganisha na kadi, unapata kiwango cha naitreti na fosfeti, unaangalia na uchafu wa maji kwenye bomba la kuonea, unatuma kwa simu. Ni rahisi na mtu anaweza kurudia sehemu hiyohiyo mara nyingi. Hebu fikiria ofisi zilizopanga foleni pale Posta na Kariakoo kila moja ikachukua kipande chake cha mto Msimbazi. Hakuna hoteli, hakuna tisheti, unatoka saa sita unarudi kabla ya saa nane. Mto ule unatuingilia ndani kila masika na takwimu zake za mfululizo unazitafuta kwa tochi. Peleka hilo kama wazo lako la balozi.

Lingine, hakikisheni mtafiti ana kibali. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na utafiti una taratibu zake za COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Shirika la maana litakuonyesha bila kununa.

Kijana_wa_Buguruni

Dokta nimekusoma, hilo la Msimbazi nakuunga mkono asilimia mia, nyumba ya bibi yangu maji yanaingia hadi kitandani. Ila bado sijaona mahali ambapo kampuni inabanwa. Kitalu kimebaki sawa, na mkopo wa makaa ya mawe nao umebaki.

Afisa_Utumishi_Mstaafu

Nimepita humu nikaona hakuna aliyemjibu mama swali la likizo, watu wamekimbilia kaboni.

Mama Junior, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28, hizo ni zako za kupumzika. Mwajiri akikutuma Kilwa kwa shughuli aliyoipanga yeye, na jina lako kalichagua yeye, hiyo ni safari ya kikazi. Wakisema ni ya kujitolea basi kujitolea maana yake unaweza kukataa na usiulizwe kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka. Hawawezi kuwa na yote mawili.

Hili silisemi kwa ajili ya posho, ingawa posho nayo isemwe. Nalisema kwa ajili ya ajali. Unapanda boti, unatembea juu ya mizizi inayoteleza, unaweza kuvunjika mguu. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, unaangalia kama umeumia ukiwa kazini. Ukiwa na barua ya safari iliyosainiwa, yenye tarehe, mahali na shughuli, una cha kushika. Ukiwa na ujumbe wa wasapu wa "timu mikoko oyeee" huna kitu. Omba barua, kwa upole, kwa maandishi, na nakala ubaki nayo nyumbani.

Pia nimewahi kusimamia mambo haya enzi zangu. Orodha ya kwanza kila mara ilijaa watu wa makao makuu wenye kiingereza kizuri. Dereva, mlinzi, dada wa usafi hawamo, wakati mara nyingi ndio waliokulia pwani na mti wanaujua. Ukipata nafasi ya kusema kwenye kikao sema hilo.

MamaJunior_Tegeta

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii, nimesoma mara mbili mbili nikiwa kwenye daladala nimepitiliza kituo.

Mrejesho. Nimewauliza watu wa lile shirika kwa imeili, kistaarabu tu. Mtafiti yupo, ni dada wa Kitanzania, kanijibu mwenyewe usiku huohuo, ana vitalu vya kudumu pale na amevipima tayari kabla hata kampuni yetu haijaja, kibali anacho. Kuhusu kupima upya amesema wanafanya kwenye kila kitalu na akafurahi mno nilivyouliza. Wapimaji wa kijiji wapo, wanalipwa kwa siku na kila kundi letu linakuwa na wawili. Nilipomuuliza mwakani nani anarudi kasema kwa miaka mitatu hana wasiwasi, baada ya hapo anaandika maombi ya hela kama kila mtu.

HR wamekubali kutoa barua. Uzee dawa, afisa mstaafu Mungu akuweke.

Kuhusu kampuni inawekeza wapi hela, mkuu wa Buguruni nimeuliza kweli kikaoni. Kukawa kimya halafu wakasema swali zuri litajibiwa. Na dereva wetu mmoja ambaye ni mtu wa Kilwa Masoko kabisa nimelitaja jina lake, wameandika.

Ila nina jambo moja, yule mtafiti mwishoni kaniuliza "tarehe zenu mmezipangaje?" nikamwambia HR ndio wamepanga, akatuma kiemoji cha kucheka. Sikuelewa.

Mpwani_wa_Kwale

Hahaha. Ofisi imepanga kwa kalenda ya ukutani, bahari ina yake.

Dadangu angalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku moja mbili baada yake, ndio bamvua, maji yanakupwa sana, na kwa pwani yetu kupwa kwa bamvua kunaangukia asubuhi mida ya saa nne saa tano, unaingia mapema unafanya kazi mpaka adhuhuri yanapoanza kurudi. Hapo unafika mpaka kwa mlilana, ile miti ya mbele kabisa inayotazamana na bahari. Wiki ya maji mafu mambo ni kinyume, saa nne hiyo maji ndiyo yamejaa, yakija kupwa ni jioni na hayakupwi vya maana, mlilana utauona kwa macho tu. Mtu aliyepanga kazi ya mikokoni Jumatatu mpaka Alhamisi bila kuuliza mwezi uko wapi hajawahi kuingia mikokoni.

Zenu ziko wapi?

MamaJunior_Tegeta

Nimeangalia. Maji mafu, zote nne, katikati kabisa 😂

Dokta_Matope

Mwambieni HR awasogeze wiki moja tu, haigharimu kitu. Hili ni jaribio zuri la kujua nani anamsikiliza nani kwenye huo ushirika.

Kijana_wa_Buguruni

Naweka elfu kumi hawasogezi.

MamaJunior_Tegeta

Elfu kumi umeshinda mkuu. Meneja kasema tarehe hazibadiliki awamu hii kwa sababu hoteli imeshalipiwa na mpiga picha ameshabukiwa. Awamu ya pili ndio watamuuliza mtafiti kwanza, hilo limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao nimehakikisha kwa macho yangu.

Yule dada mtafiti hajanuna. Amesema basi sisi atatupa mikandaa na michu ya juu kule nchi kavu kavu ambako maji mafu hayafiki, vitalu viko vya kututosha, na mlilana watakuja kuipima wale vijana wa kijiji wiki inayofuata bamvua likipiga, fungu la boti ameliacha kwa ajili yao. Kwa hiyo naenda.

Swali la mwisho Mpwani, viatu. Gambuti au raba?

Mpwani_wa_Kwale

Gambuti acha Dar, likizama linabaki hukohuko wewe unatoka na soksi. Raba kuukuu ya kamba, uikaze, soksi ndefu ndani, na usitembee peku hata ukiona sisi twatembea, kuna chaza kwenye mizizi wanakata kama wembe. Futi njoo na lako la kushonea nguo kwenye mfuko, ya mradi hupotea.

MamaJunior_Tegeta

Raba ya Junior ya shule iliyombana inanitosha. Nitawaletea namba.